Mkanda wa Dakika Kumi

Mume wangu, Hedley Pask, alitengeneza miwani hapa Birmingham kwa miaka zaidi ya arobaini, na hakuna aliyewahi kumwalika popote kwa sababu ya miwani. Wanamwalika kwa sababu ya siku moja ya mwaka 1968, alipokuwa mpiga kamera, akairekodi bendi iliyocheza mbele ya ukuta wa mwanga wa rangi, rangi zenyewe zikitokota kama mchuzi. Kila mwaka filamu hiyo huonyeshwa maktaba ya mtaani kwetu. Kila mwaka nakwenda, na kila mwaka narudi na donge.

Donge lenyewe lina blauzi ya manjano. Gitaa linapoanza kupaa, pale ambapo kila mtu anataka kuona vidole vya mpigaji, anatokea msichana anacheza macho kayafumba. Dakika nzima na ushei. Mimi mchumba wake nilikuwemo ukumbini siku ile, nimejipamba kwa gauni la kushona mwenyewe, na sionekani hata kisigino.

"Yule ni nani?" nilimuuliza mara ya kwanza.

"Simjui. Mkanda uliniishia. Ulikuwa wa dakika kumi tu, ukiisha unabadilisha kwa kupapasa gizani. Wakaziba pengo kwa picha ya mpiga kamera mwingine."

"Pengo lina kiuno kizuri."

Kweli, walimfukuza kazi kwa kulikosa gitaa lile, ndipo akaangukia kwenye miwani. Lakini mtu makini kama Hedley anaishiwaje mkanda wakati ule ule? Nikasema moyoni, alikuwa anamla yule kwa macho. Wivu ule niliulea kuliko nilivyolea wanangu. Nyumbani kwetu hakiingii kitu cha manjano, hata pazia.

Mwaka huu Imogen wa maktaba alitungoja mlangoni. Amepata mkebe wa mabaki, vipande ambavyo havikutumika, na jina la Hedley limeandikwa ubavuni.

"Mzee Pask, kipande hiki hakina sauti. Nikionyeshe?"

"Achana nacho," Hedley alisema, haraka mno.

"Kionyeshe, mwanangu," nikasema. "Leo huyo bibi nataka nimwone vizuri."

Ukutani akatokea msichana wa gauni la zambarau, kaegemea nguzo, mkono mmoja wa gauni mrefu kuliko mwingine. Mikono ile niliishona mimi. Hajui kama anatazamwa. Kanyoosha shingo, anamtafuta mtu katika umati, na kamera imemganda dakika kumi zote, mpaka mkanda ukaisha.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimnong'oneza.

"Ungejilaumu kwamba nilifukuzwa kwa ajili yako."

Watu walipiga makofi. Hedley hakuyasikia. Alikuwa bado anautazama ukuta mtupu, na machoni mwake mlikuwa na kitu ambacho sijakiona mezani kwetu kwa miaka mingi. Kikulacho ki nguoni mwako. Yule wa manjano nilimsamehe papo hapo, lakini huyu wa zambarau nilimwonea wivu.

Tulipofika nyumbani nilivua koti, nikasimama mbele yake.

"Hedley, nitazame."

Aliinua uso, akaanza kupapasa mfukoni akitafuta miwani.