Kichwa Changu Hakikuwa na Mapunye

Wifi yangu aliniunguza kichwa kwa dawa ya nywele, kisha akawaambia wateja wake kwamba nina mapunye. Hilo ndilo kosa. Nalitaja kwanza asije mtu akadhani naionea wivu saluni yake.

Wakati huo nilikuwa msusi. Shule sikwenda, lakini mikono yangu ilijua kazi. Wanawake walijaa sebuleni kwangu tangu asubuhi, mmoja anasukwa, wengine wanangoja na kumsema asiyekuwepo. Wifi, dada mkubwa wa mume wangu, alipofungua saluni mtaa wa pili akaniita.

"Njoo nikulainishe hizo nywele. Msusi mwenye kichwa kama brashi ya viatu, nani atamwamini?"

Nikacheka, nikaenda. Mawifi hutaniana.

Alinifumua mwenyewe, akanikwangua mba kwa ncha ya kitana mpaka ngozi ikachonyota, na hapo hapo akanipaka dawa. Kila mtu wa kazi hii anajua kwamba kichwa kilichokwanguliwa hakipakwi dawa, huachwa kwanza kipoe. Nilipolia kwamba inaunguza, akasema, "Vumilia, zako ngumu, acha ishike," akatoka nje kuongea na simu. Aliporudi kuniosha, nywele za utosini zilishuka na povu kwenye beseni.

Vidonda vikatoa maji. Wateja walipomuuliza nimepatwa na nini, akajibu, "Mapunye." Neno moja tu. Nani tena angekaa katikati ya magoti yangu, au kumleta mtoto wake? Mume wangu naye akasema, "Dada hawezi kusema uongo. Jitibu." Nikaenda kufua mashuka kwenye nyumba ya wageni, kilemba kichwani, na ndiko niliko mpaka leo. Utosini hapajaota kitu.

Sasa binti yangu amepata kazi ya mapokezi, ya kuanza Jumatatu, akaambiwa aje na nywele zilizotulia. Nywele zake ndizo zangu za zamani: nzito, za kujikunja, ukizivuta zinarudi kama springi. Ijumaa jioni akanipa habari huku anajifumua.

"Shangazi anakuja kesho kunipaka dawa. Ile ya watoto, mama. Ni laini."

"Laini kwa mtoto gani?"

"Mama, usianze."

Sikuanza. Ila kukaa pia sikuweza. Nilisugua sufuria ambazo zilikuwa safi. Nilikunja nguo, nikazikunjua, nikazikunja tena. Kumkataza nisingeweza, ni mtu mzima, na angeniambia mapunye yangu yasimharibie siku yake, maana hata yeye alikua akiamini hivyo. Nilichoweza ni kutafuta njia nyingine kabla shangazi yake hajafika. Nikawaza chanuo la moto: leo nywele zinalala, kesho jasho likizipata zinasimama, na ncha zimeshaungua. Mashine ya upepo moto ilimkata jirani yetu nywele za mbele zote. Mafuta peke yake yanang'arisha tu. Nilitaka nywele zilegee, sio zife.

Nikabaki na uzi. Unazilowesha, unazipaka mafuta, unagawa mafungu, unazungusha uzi mweusi kutoka shinani hadi nchani, unaziacha zikauke zenyewe. Ukifungua, mikunjo imefunguka na bado hai. Nikavaa kandambili nikakimbilia dukani kabla hawajafunga.

"Uzi?" binti akashangaa. "Nitafanana na bibi!"

"Kwani utaenda nao kazini? Ni wa kulala nao tu."

"Dawa ni ya muda mfupi tu, mama, na kazi imekwisha." Akageukia ukutani.

Asubuhi wifi akaingia na mfuko wake, akamkalisha binti kwenye kiti, akavaa glavu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na uzi mkononi, siingii wala sitoki.

"Umefumua lini, mwanangu?"

"Jana."

"Umejikuna?"

"Kidogo, na kitana."

Wifi akamchungulia kichwani, akavua glavu. "Basi leo sikupaki. Kichwa kilichokunwa, dawa inakuunguza mpaka ulie. Tungoje wiki ijayo."

Nikaingia ndani. "Kumbe unajua kuuliza!"

"Wifi, hayo ya zamani."

"Kichwa changu ni cha leo." Nikavuta kilemba kikaanguka. Binti hakuwahi kuniona utosi mchana kweupe.

"Shangazi," akasema taratibu, "mama ulimuuliza?"

"Hakuniambia kama alijikuna."

"Sikujikuna mimi!" nikasema. "Ulinikwangua wewe, kwa mkono wako!"

Wifi akaanza kufungasha mfuko. "Ndiyo kwanza nilikuwa naanza," akasema bila kuniangalia. "Ningesema nimemuunguza wifi yangu, nani angerudi saluni?"

"Kwa hiyo wangu ndio wasirudi?"

"Haya, nimeshasema. Yaishe." Akatoka hata chai hakunywa.

Binti aliteremka kwenye kiti, akanikalisha mimi, akakaa chini katikati ya magoti yangu. "Funga, mama."

Nikafunga. Sikukaza, maana kukaza huvunja za pembeni. Vidole vilikimbia kama vimeitwa mahali. Jumapili jioni nikafungua, nywele zikashuka mpaka mabegani, zimelegea, mikunjo yake bado imo. Jumatatu akaenda nazo kazini.

Lakini hayajaisha. Wifi alisema ukweli nyumbani kwangu, mbele ya mtoto, na uongo aliusema saluni, mbele ya wanawake waliojaa. Anadaiwa kuusema ukweli pale pale, wakiwa wamejaa hivyo hivyo, kwa sauti ile ile. Mume wangu naye ameshasimuliwa na binti, lakini anakula anaondoka. Yeye anadaiwa kuniuliza swali ambalo hakuniuliza: ilikuwaje? Nikirudi kutoka kwenye mashuka napita mbele ya saluni, napunguza mwendo nisikie kama ameshasema. Bado.