Gambuti za Dada Nakijwa

Mwezi wa pili ulikuwa unaisha tangu dada yangu Nakijwa aache kupokea simu zangu. Kosa lilikuwa langu. Watu wa kijijini kwetu Mhezi walipomchagua kusimamia zamu za maji ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba, nilimpigia, na badala ya kumpongeza nikamwambia kazi hiyo haijawahi kushikwa na mwanamke. Akakata simu. Basi nikaamua kwenda mwenyewe na zawadi mkononi, maana hapa kwangu Morogoro sifa yangu ni hiyo: zawadi zangu haziishii kabatini.

Kabla ya safari nilifikiri siku nyingi. Vitenge anavyo, vyombo anavyo. Lakini mtu anayeingia kwenye tope kila asubuhi kufungulia maji anahitaji gambuti. Namba ya mguu wake sikuijua, nikamwomba rafiki yangu Eliamani, jirani yake, apime kimyakimya unyayo alioacha ukingoni mwa bwawa. Akajibu, "Shibiri moja na vidole vitatu." Yeye Eliamani hukamua ng'ombe kabla hakujapambazuka, kwa hiyo nikamnunulia tochi ya kufunga kichwani.

Ijumaa saa kumi jioni basi lilipita Makanya, vumbi jeupe na jua kali, na muda si mrefu nikashuka Same. Nikaingia duka la viatu la Mama Zuhura, nikamweleza kipimo changu. Alicheka mpaka akakaa.

"Shibiri ya nani, kaka? Yako au ya huyo aliyepima?"

Nikampigia Eliamani, ikabidi arudi bwawani na rula ya mtoto wake. Tukapata namba thelathini na tisa, rangi ya kijani, zenye kitambaa ndani kwa baridi ya kwetu. Nililala nikiwa nimeridhika kupita kiasi.

Jumamosi asubuhi gari la mlimani likaanza kupanda. Joto la Same likabaki chini, tukaingia kwenye ukungu, migomba na tangawizi. Kila penye kona niliona mfereji wa maji ukipita pembeni ya mlima, na kila mara nilijivuna, kana kwamba nimeuchimba mimi.

Saa tano nilifika Mhezi. Eliamani alivaa tochi yake mchana kweupe, akakataa kuivua, kisha akanisindikiza bwawani. Dada yangu alikuwa miguu mitupu kwenye tope, watu wamemzunguka wakingoja kutajiwa zamu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umefika lini?"

Nikamkabidhi mfuko. Akazitoa gambuti, akazigeuza soli, akatabasamu kidogo. Kisha akazirudisha mfukoni.

"Nzuri, na naona ni saizi yangu. Rudi nazo."

"Bado una hasira, dada?"

"Shamba lako la tangawizi linanywa maji ya wapi?"

Shamba lilikuwa pale chini, linaonekana, kwenye mfereji unaotoka bwawa hilohilo.

"Nimewaambia hawa wote, mwenye shamba chini ya ndiva hii asinipe hata ndizi. Wiki iliyopita nilimrudishia mzee wa watu kuku wake. Nikivaa za kwako, nitamwambia nini?"

Nilitafuta pa kuficha uso, sikupaona. Nikasema mbele yao wote, "Basi nisamehe, dada. Nilikosea. Kazi hii ni yako."

"Hilo napokea." Akanishika bega kwa mkono wenye tope, kisha akawageukia watu. "Shamba la mdogo wangu litapata maji Alhamisi, baada ya Bi Rehema. Mwenye neno aseme."

Wakaitikia kwa vichwa, zamu zikaendelea kutajwa.

Jumatatu nilianza safari ya kurudi na mfuko wangu uleule. Njiani nilijifunza ambalo sikulijua kwa miaka yote ya kujisifu kwangu: nilikuwa nimeupima mguu wa dada yangu, lakini nafasi aliyopewa sikuipima.

Nilipofika nyumbani mke wangu akauliza, "Zilimtosha?"

"Hakuzijaribu. Amezikataa mbele ya watu wote."

Akanionea huruma. Mimi nikamsimulia nikiwa nimesimama, neno kwa neno, na nilipofika pale pa Alhamisi baada ya Bi Rehema, nilijikuta najivunia dada yangu kuliko zawadi yoyote niliyowahi kutoa.