Msumari Kwenye Kiatu cha Mjomba

Niliingiza mkono ndani ya kiatu cha mjomba, msumari ukanichoma kidole.

Mimi ni fundi viatu. Kiatu kikiletwa, kwanza natia mkono, napapasa. Hicho kilikuwa na msumari uliotoboa soli, na ndani damu imeganda.

Mwenyewe ameketi mbele yangu, anapiga stori.

"Mjomba, umetembea na hiki?"

"Tangu asubuhi. Soli imelegea tu. Kwani kuna nini?"

Nikamwonyesha. Mnadhani alishtuka? Thubutu! Alicheka.

Mjomba ni muuza nyama, mtu wa kifua mbele. Alipopimwa akakutwa na sukari, alisema mashine ni mbovu. Akahamia kwa jirani yetu tunayemwita Profesa, muuza unga wa mizizi, eti unatibu sukari. Profesa huyo shule yenyewe aliipita kwa nje.

Profesa akaja, akauona msumari, akapiga makofi.

"Si niliwaambia? Dawa imefika kwenye nyayo! Mwili umekuwa chuma!"

Mtaa ukashangilia. Watu wazima na ndevu zao! Mjomba akavua soksi, akalibonyeza tundu mbele yao, wakapiga vigelegele. Jioni ile unga wa Profesa uligombaniwa.

Aliyelia ni mke wa mjomba peke yake. "Baba watoto, twende hospitali. Mguu usiouma umeshakufa huo."

"Nenda wewe unayeumwa."

Nami nikasema, nikaitwa kimbelembele. Haya. Sikio la kufa halisikii dawa.

Kidonda kikaanza kunuka, wakakipaka unga. Hospitali alifika amebebwa, na mguu wa kulia ukakatwa chini ya goti. Sasa mkewe ndiye anayesimama buchani kutwa, akirudi anamwogesha bwana chuma wake. Huyo ndiye ninayemwonea huruma.

Nilidhani mtaa umejifunza. Wapi! Wakasema mjomba karogwa na wauza nyama wenzake, wakaendelea kulamba unga.

Juzi mjomba kaja kibandani na magongo. Nyuma yake Profesa, naye na magongo. Wake umekatwa wa kushoto, kwa sukari hiyo hiyo.

Miaka yote nilimdhania tapeli. Kumbe alikuwa mjinga mwenzao, unga wake alikuwa akiulamba mwenyewe!

"Fundi, tutafutie jozi moja ya maana," mjomba akasema. "Namba yetu ni moja. Mimi cha kushoto, Profesa cha kulia."

Wakagonganisha mikono, eti wamepata akili.

Nikatoa jozi. Nikatia mkono kwenye cha mjomba, nikapapasa. Hakucheka safari hii.

"Rudia, mwanangu," akaninong'oneza. "Papasa tena."

Nikarudia. Nikapapasa kwa hasira hadi kwenye ncha, maana mguu wake uliobaki nao hausikii maumivu.

Ndugu zangu, maumivu ni mlinzi. Akinyamaza, usimpigie makofi, kaangalie kama yuko hai.

Na nyie mnaosubiri mwili wa chuma, karibuni kibandani. Wa kiatu kimoja wameshakuwa wengi, sitakosa wa kuwaoanisha naye.