Rangi ya maji, lakini maji gani?

Wenzangu, leo nusura nivunje posa ya dada yangu kwa maneno matatu.

Safari iliyopita shangazi wa bwana harusi aliondoka mapema, ati kuta zetu nyeupe na jua la Garsen vinamtoboa macho. Leo walikuwa wanarudi kutoa jibu la mwisho.

Baba akaenda kuwapokea kivukoni. Akaniachia kazi moja: nimwambie fundi apake sebule rangi ya kupumzisha macho.

Nikamwambia fundi, "Rangi ya maji."

Nikarudi kwenye kitabu changu. (Msicheke.)

Mimi niliwaza mto wetu, hudhurungi kama chai ya maziwa. Lakini fundi ni mtu wa Kipini. Yeye aliwaza bahari! Akachanganya chokaa na buluu, akamaliza kuta zote nne.

Nilipoinua kichwa, wageni walikuwa uani.

Baba akasimama mlangoni.

"Nani kachagua hii?"

Nikanyoosha mkono, kama darasani.

Shangazi akampita Baba, kiganja bado kimekinga macho. Dada akauma pindo la kanga. Shangazi akautazama ukuta mmoja, akageukia wa pili. Kisha polepole akateremsha kiganja.

"Lo, humu macho yamepoa. Leteni mkeka, tuongee hapa hapa."

Baba akaninong'oneza, "Rangi gani hii?"

"Ya maji, Baba."

"Maji ya wapi?"

"Ya Kipini."

Hii karatasi nimeibandika kwenye ubao wa matangazo kwa sababu moja. Andikeni hapa chini: kwenu maji yana rangi gani?