Tulivyokwenda Wawi Kuomba Tangazo la Halua

La, mie sikusema posa. Neno hilo halikutoka kinywani mwangu, na mdogo wangu niliyekwenda naye ni shahidi. Mie nilikwenda Wawi kumtafutia mjukuu wangu tangazo, basi.

Huyu mjukuu wangu ana tovuti yake, huandika habari za mpira wa huku kwetu Pemba. Timu zikicheza Gombani, watu hawajatoka uwanjani yeye keshaandika, na jamaa walioko Uarabuni wasoma. Wa kusoma anao, wa kumlipa hana. Baba yake kamwambia, "Idi ikipita hujapata mdhamini, unafunga hicho kidude, unakwenda Dar kwa ami yako kuuza mabati." Na mie nyumbani n'na huyo huyo. Akenda Dar, n'tamtania nani? Kuku?

Kaizunguka Madungu yote, duka kwa duka, kompyuta kwapani. Akiingia dukani sauti humbadilika, hutokea puani kama mtu wa redioni: "Ndugu mfanyabiashara, naomba dakika mbili nikuelezee fursa." Mwenye duka la viatu, yule asemaye kama anatafuna ubani: "Fuusa? Fuusa mwenyewe naitafuta." Wa duka la dawa hata kichwa hakunyanyua: "Weka karatasi hapo." Hana karatasi mwana wa watu.

N'kamwambia, "We mwana, kitu kizito hakiombwi mbele ya wateja. Mtu huendewa kwake, na wazee." Tukamchagua mpika halua wa Wawi, Mwarabu wetu wa hapa hapa, ambaye sahani yake harusini hurudi imelambwa. Mie na mdogo wangu tukavaa kanga mpya, tukajifukiza udi, tukabeba mikate ya ufuta. Mwana nikamwacha barazani. Kijana haingilii maneno ya wazee.

Tulipokaa nikaanza kwa mbali, kama nilivyolelewa. Huingii kwa mtu ukasema nataka hiki. Nikauliza hali, nikauliza mikarafuu. Halafu nikamsifu mwana: havuti, swala haimpiti, ana kazi yake mwenyewe. Mdogo wangu, kila nikivuta pumzi: "Na mpole! Maji ya mtungini!" Nikamalizia, "Basi tumeona tusiende kwengine, tuje kwenu na heshima zetu."

Mke wa mpika halua kashika kifua. Kaingia ndani, mara kigelegele! Halua ikaja ya moto, kahawa ikaja. Mumewe, mwenye sauti kama mtu anayesukuma gari lililokwama, kajikohoza: "Eh... eh... bi mkubwa, tumefurahi. N'tashauriana na ndugu zangu. Na binti naye ataulizwa."

Binti? Nikamtazama mdogo wangu. Kajaza halua kinywani.

Huko nje mwana kasikia kigelegele, kadhani mambo yamekubaliwa. Huyo, kaingia mbio, kompyuta wazi: "Ahsanteni sana! Tangazo lenu litakaa juu kabisa!"

"Huyu nani?" mpika halua kaniuliza.

"Ndiye kijana wetu."

"Kaja kujiposea?"

Hapo ikabidi niseme wima wima, kama mtu asiyefunzwa: tumekuja kuomba halua yake itangazwe kwenye tovuti ya mpira, naye amlipe mwana, basi.

Mama mtu kajifunika uso kwa kanga. Mpika halua kafura: "Yaani kigelegele chote kile..." Mwana kaifunga kompyuta taratibu, namwona keshafika Dar, keshashika bati la kwanza. Mie nataka kucheka, nataka kulia.

Pazia la chumbani likatikisika. Sauti ya binti ikatoka kavu, haina hata salamu:

"Baba, mpe hilo tangazo aende zake. Mie mwenyewe simtaki."