Mguu Uliotangulia Neno

Zamani mtu alikuja ziwani kushinda na maji siku nzima, akarudi kwake na malengelenge mikononi na moyo mweupe. Siku hizi anakuja kupiga picha na maji, na anaondoka kabla soda yake haijaisha gesi.

Mzee Makasia aliijua ile zamani, maana mlango wake ulikuwa yeye. Gati lake la mbao lilikaa pale mfereji unapoingia ziwani, na mashua zake za kukodisha zilifungwa mstari mmoja, kila moja na rangi yake: ya kijani, ya njano, na ile nyekundu iliyovuja kidogo, ambayo aliwapa wachumba kwa sababu wachumba, alisema, hawatazami chini. Jumapili walikuja walimu, mafundi cherehani, manesi waliotoka zamu, familia nzima na vikapu vyao. Hakuna aliyepanda bila kupimwa. Mzee alimtazama mtu kuanzia kichwani hadi miguuni kama muuza nguo, kisha akakata shauri: "Shangazi, wewe kaa nyuma. Siyo umri, ni mzigo." Shangazi alimtukana, akakaa nyuma, na mashua ikatulia sawasawa.

Wakishakaa, mwenye makasia alisema, "Tayari." Hapo Mzee Makasia aliachia kamba, akaweka mguu wa kulia ubavuni mwa mashua, akasukuma. Msukumo mmoja tu, laini, na mashua ikateleza hadi katikati ya mfereji kasia halijagusa maji. Wapo waliokuja kwa ajili ya msukumo ule. Nesi mmoja alisema ni kama kubembezwa na baba yako.

Sheria yake ilikuwa moja: aliye gatini hamwiti aliye majini, ila kukiwa na hatari. Anayepiga makasia hukaa akitazama alikotoka. Ukimwita, anadhani amesahau kitu, anasimama. Fundi cherehani mmoja aliitwa na mkewe ampungie mkono. Alisimama, akapunga, na suti aliyoishona mwenyewe ikajifunza kuogelea kabla yake. Watu walicheka mpaka wakachoka. Sheria ikabaki.

Binti yake wa pekee alikulia kwenye mbao zile. Mama yake alifariki mtoto akiwa bado anang'oka meno ya utotoni, na mzee akamlea kati ya kamba na makopo ya rangi, boya kiunoni. Alijua kupiga makasia kabla ya kujua kufunga viatu. Jioni, wateja wakishaondoka, alikaa kwenye ile ya kijani, akasema "Tayari" kwa sauti ya mtu mzima, na baba yake akamsukuma bila haraka, kama anayemlaza.

Aliolewa na fundi wa injini, mwanamume mpole asiyejua kubishana. Mkwe huyu ndiye aliyeleta boti la injini la kwanza ziwani. Watu wakahamia huko. Wakazungushwa, wakapiga kelele, wakashuka nywele zimesimama, safari imekwisha na hakuna walichokiona. Siku moja wimbi la boti hilo likaitupa ile mashua ya njano kwenye nguzo ya gati, ubavu ukapasuka. Mkwe akaja siku hiyohiyo na mbao na gundi. Mzee akamsimamisha mbele ya wateja.

"Mtu anayeogopa kutoka jasho asikanyage mbao zangu. Leo wala kesho."

"Baba, nimekuja kutengeneza."

"Umeshatengeneza. Geuka."

Mkwe aliweka vifaa vyake chini taratibu, akageuka, na hakukanyaga tena. Tangu hapo binti alikuja kumtembelea baba yake na watoto, mume akawa anawasubiri ng'ambo ya mfereji, amekaa juu ya jiwe, anatafuna jani.

Boti lake nalo halikudumu. Ikaja hoteli na maboti makubwa yenye muziki, mkwe akakosa wateja kama mzee alivyowakosa. Akapata kazi kwenye bandari ya mbali, mahali panapofikiwa kwa kubadilisha magari na kulala njiani. Binti akaja kumweleza baba yake jikoni. Jiko lenyewe lilikuwa dogo: makasia yaliyovunjika yameegemea pembeni, kopo la rangi ndilo kiti, kitambaa cha marehemu mkewe bado kimetundikwa msumarini. Binti alisema huku akisugua sufuria.

"Hataki kwenda. Mimi pia sitaki. Anaweza kuzifufua hizi mashua zako, baba, mikono anayo. Lakini hawezi kuja mahali alipofukuzwa kama mbwa."

"Sikumfukuza kama mbwa. Mbwa ningemwekea maji."

Binti hakucheka. "Neno moja tu. Mwambie avuke. Ukimwambia avuke, mizigo naifungua leo hii. Usipomwambia, Jumamosi tunaondoka."

"Nitafikiri."

"Fikiri basi. Simu hutaki kuwa nayo, sitakuwa na pa kukusikia tena."

Alifikiri. Mpaka Ijumaa binti alikuwa amemshinda, na alijua ameshindwa, na kushindwa kwenyewe hakukumuuma kama alivyotarajia. Alifagia gati. Alipigilia ubao uliolegea, pale ambapo mkwe angekanyaga akivuka. Akaipaka ya kijani rangi mpya, akapanga vikombe mezani, kimoja zaidi. Kisha akalijaribu neno mbele ya birika. "Mwambie mumeo avuke." Lilisikika kama amri. "Mwambie avuke, chai ipo." Hilo likamridhisha.

Mzee Makasia hakuishi hadi likizo ya kwanza ya mkwe wake, kwa hiyo Jumamosi ile inastahili kuelezwa polepole.

Binti na watoto walikuwa wamelala kwa mzee. Asubuhi gari dogo lilisimama ng'ambo, mizigo juu yake, na mkwe pembeni, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Mzee angeweza kulisema neno wakati wa kunywa chai. Hakulisema. Alitaka kulisema palepale gatini, alipomfukuzia.

"Mchumba, kaa nyuma," alimwambia mjukuu wake wa kike, wakipanda ile ya kijani kwenda ng'ambo.

"Mimi si mzito, babu."

"Bado. Ila kwa chapati nilizoona leo, tunaelekea huko." Mtoto akashika ukingo wa mashua akicheka.

Binti alisimama gatini, mtoto mchanga amembeba mgongoni. "Basi, baba."

"Basi, mama."

"Huna la kusema?"

"Kaa kwanza. Usije ukateleza na mtoto."

Akakaa. Akashika makasia. Na kwa kuwa hakuwahi kukaa kwenye mashua ile bila kulisema, akasema, "Tayari."

Mdomo wa mzee ulikuwa umeshafunguka. Lakini mkono ukaachia kamba, na mguu, uliofanya kazi ile tangu ujana bila kumuuliza mtu, ukasukuma.

Mashua ikateleza, laini, kama siku zote. Binti hakutia makasia majini. Aliyashikilia juu, uso umemwelekea baba yake, akamtazama. Anasubiri, mzee aliliona hilo. Neno lilikuwa pale kwenye ulimi. Lakini alimjua mwanawe: angelisikia, angesimama, na mtoto mgongoni. Akafunga mdomo. Mashua ikaanza kupoteza mwendo. Binti akainamisha kichwa, akashusha makasia.

Walipofika nchi kavu ndipo mzee alipoweka viganja mdomoni na kuita. Aliita avuke. Aliita chai ipo. Wakati huohuo maboti ya hoteli yalikuwa yanatoka, moja nyuma ya lingine, injini na muziki na watu wakipiga mayowe ya raha, na msichana mmoja akampiga picha mzee aliyeachama mdomo ukingoni.

Yalipopita, na wimbi likawa bado linachapa mbao, ng'ambo ile mashua ya kijani ilikuwa imefungwa vizuri kwenye mti, na gari lilikuwa linapanda kilima. Mkono wa mtoto ulitoka dirishani ukawa unapunga, na kiganja chake kilikuwa cha kijani, kwa sababu rangi ilikuwa haijakauka.