Kompyuta ya Reino Iliyogoma Kuzimika

Aili Kangas aliendesha basi la shule hapa Thunder Bay, Kanada, mpaka magoti yalipomkatalia, na watoto waliopanda basi lake, ambao sasa wana vitambi na mvi, bado wanapunguza sauti wakimwona dukani. Hakuwa mkali. Alikuwa na namna ya kukutazama kwenye kioo cha dereva bila kusema neno, nawe ukajikuta umekaa. Mimi ni jirani yake, na kabla ya kustaafu nilifundisha kompyuta shule ya sekondari. Ndiyo maana aliponaswa na lile jambo alinijia mimi.

Mumewe, Reino, alifariki msimu wa majani kupukutika. Moyo ulimsimama akiwa uani na reki mkononi. Baada ya mazishi, theluji ya kwanza ilipokwisha kuanguka, Aili aligonga mlango wangu ameshika mkate wa iliki uliofungwa kwa taulo. Akaniambia kuna kitu nyumbani kinamnyima raha. Hakutaka kukitaja pale mlangoni. Nikadhani ni bomba, au panya.

Ilikuwa kompyuta ya Reino, sanduku kuukuu la kijivu chini ya meza ya sebuleni. Mchana ilifanya kazi bila ubishi: Aili alisikiliza humo redio ya Kifini, lugha ya wazazi wake, akalipia umeme, akacheza karata. Tabu ilikuwa kuizima. Skrini iliandika kwamba inazimika, kale kaduara kakaanza kuzunguka, na mambo yakaishia hapo. Feni ikavuma. Ndani yake kitu kikagonga kidogo, kikatulia, kikagonga tena, kama mtu anayepiga hodi kwa ukucha akiogopa kuamsha watu. Aili aliwahi kuiacha hivyo akaenda kulala, na asubuhi akaikuta bado inazunguka.

“Si kuna kitufe pale mbele,” nikamwambia. “Kishikilie mpaka ife.”

“Nakishikilia kila siku,” akasema. “Ni kama namziba mtu mdomo.”

Akanieleza kwamba Reino akiwa hai haikuwa hivyo. Ilianza siku ileile aliyokufa. “Usinicheke, Loretta,” akasema. “Naona kama ni yeye, amegoma kuondoka.”

Sikucheka. Nyumba ile haikuwa ya kuchekewa. Walikuwa na mtoto mmoja tu, Kaisa, aliyekufa zamani kwenye barabara kuu majira ya baridi, gari lake lilipogongana na paa wa misitu ya huku, mnyama mkubwa kuliko farasi. Alikuwa ndio kwanza amemaliza shule. Chumba chake kule juu kikafungwa, na jina lake likafungiwa humohumo. Nimekunywa kahawa katika jiko lile miaka na miaka, sikuwahi kulisikia likitajwa.

Nikaanza kama nilivyowafundisha wanafunzi wangu, kuondoa kimoja kimoja mpaka abaki mwenye kosa. Nikachomoa printa, haikusaidia. Nikafuta programu ya zamani ya kuzuia virusi, ambayo mara nyingi ndiyo inayokwamisha mashine za umri ule, nayo haikusaidia. Nikafunga kila kilichokuwa wazi, na kaduara kakazunguka vilevile. Muda wote huo Aili alisimama nyuma yangu na kikombe chake, hakutaka kukaa.

Mwisho nikaiwasha kwa namna ya mafundi, ikaamka na vitu vyake vya lazima tu, bila lolote lililoongezwa na watu. Kisha nikaizima. Ikazimika papo hapo, giza tupu, na Aili akashtuka akarudi nyuma.

“Basi mashine yenyewe ni nzima,” nikamwambia. “Hapa hakuna mzimu, dada. Kuna mtu ameipa amri.”

“Reino?”

“Kwani hapa aliyekuwa anaigusa ni nani mwingine?”

Nikaiwasha tena kama kawaida, nikatafuta kati ya mambo inayotakiwa kufanya kabla ya kuzimika. Amri ilikuwepo, fupi, imeandikwa kwa uangalifu wa mtu aliyejifunza mwenyewe. Ilisema: chukua kila kilichomo kwenye folda iitwayo Leo, kipeleke kwenye kompyuta iitwayo Kaisa. Kaisa asipojibu, subiri kidogo, umwite tena. Mwisho wa kumwita haukuwekwa.

Nilisoma kimoyomoyo, na nilitamani kuishia hapo.

“Dada Aili,” nikasema, “inamwita Kaisa.”

Akaweka kikombe dirishani. Akaniomba niseme tena. Alikuwa amenisikia vizuri sana. Nadhani alitaka jina lile lisikike mle ndani mara ya pili.

Nilifuata waya wa mtandao kwa macho. Ulipita ukutani, ukaingia darini kwenye tundu ambalo Reino alitoboa zamani, binti akiwa shule, ili wachangie printa. Aili naye aliufuata. Kisha akaanza kueleza, polepole, kwamba Reino alikuwa na desturi ya kupanda juu kila jioni kabla ya kuzima kompyuta yake, na tena kabla ya kulala. Alikuwa akisema anakwenda kutazama hita, mabomba yasije yakaganda.

“Hata kiangazi,” Aili akasema. “Hata kiangazi alikwenda kutazama hita, nami sikuuliza.”

Alikuwa anakwenda kuiwasha kompyuta ya binti, kisha kuizima. Alipokufa hakukuwa na wa kuiwasha, kwa hiyo ya kwake ilibaki inaita tu.

Tukapanda. Nilitarajia mlango ulie, lakini bawaba zilikuwa zimetiwa mafuta. Kitanda kilikuwa na vumbi, na rafu pia. Kiti cha mezani hakikuwa nalo. Aili alibaki kizingitini, na mimi nikabonyeza kitufe. Ikawaka bila kusita, kama kitu kilichozoea kuwashwa. Tukashuka, nikaamuru ile ya Reino izime. Kaduara kakazunguka. Kitu kikagonga, kikatulia, halafu taa ndogo ya mbele ikapepesa harakaharaka, na skrini ikawa nyeusi. Feni ikanyamaza.

“Amejibu,” Aili akasema.

Tuliporudi juu tulifungua kilichokuwa kikipelekwa. Zilikuwa picha, nyingi mno, zimepangwa kwa siku, bila maneno. Sahani ya supu. Samaki kwenye gazeti. Kipimajoto siku ya baridi kali. Mbwa wao akizeeka kidogo kidogo. Gereji yangu siku nilipoipaka rangi vibaya. Aili alitazama mikono ikiwa kwapani, na uso wake ukabadilika.

“Miaka yote hii anaongea naye,” akasema. “Mimi niko chini napiga mswaki, ananiambia hita. Alininyima mimi.”

Nikafungua picha ya mwisho, ile iliyokuwa imeingia muda ule ule.

Ilipigwa kutoka uani, rundo la majani likionekana pembeni. Aili alikumbuka kwamba asubuhi ile Reino aliingia kunywa kahawa, akakaa kidogo kwenye kompyuta, akarudi nje. Pichani lilikuwemo dirisha la jiko, na ndani yake Aili mwenyewe, mikono majini, ameugeukia upande wa meza isiyo na mtu, mdomo wazi katikati ya neno.

“Ulikuwa unaongea na nani?” nikauliza.

“Huwa namsimulia Kaisa mambo nikiosha vyombo,” akasema. “Nilidhani hakuna anayeona.”

Akakaa kwenye kile kiti kisicho na vumbi, akalia. Sikumshika, maana Aili si mtu wa kushikwa.

Nilimuuliza kama niifute ile amri. Akasema bado. Majira yote ya baridi niliona taa ya chumba kile ikiwaka jioni, kisha ikizimwa. Barafu ilipoondoka bandarini aliniita niifute, nami nikaifuta. Folda ya Leo ilikuwa wazi mbele yangu, ina vitu vipya ambavyo si Reino aliyeviweka, sikuvitazama. Siku hizi kompyuta ya Reino inazimika kama nyingine yoyote, na Aili anamtaja binti yake hata dukani, kwa watu ambao hawakuuliza.

Ile ya juu hakuniruhusu kuigusa. Ameiacha inawaka mchana na usiku, mlango wazi, na ukiingia jikoni unaisikia ikivuma. Nimemwambia kwamba mashine ya umri ule siku moja itazimika yenyewe na haitawaka tena. Anasema anajua.